Safu ya Mahali Salama

Jumamosi saa tisa alasiri, vyombo vya chakula cha mchana vikiwa vimeshaoshwa na kufunikwa, mtahini wa madereva aliifuta meza kwa kitambaa kikavu, akaweka kompyuta katikati, daftari upande wa kulia, na kalamu mbili juu ya daftari, moja ya akiba. Kisha akavaa miwani na kuingia baharini.

Gemu yake ilikuwa ya nyambizi za vita vya zamani. Alipewa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kamanda wa boti ya doria katika jeshi la majini, mwaka ule alipovunjika mguu baada ya mtahiniwa mmoja kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mguu ulipona, gemu ikabaki. Mchezaji anakuwa nahodha wa nyambizi. Anazivizia meli za mizigo, anazipiga makombora, anahesabiwa tani alizozamisha. Wengi hucheza hivyo na hawana neno.

Mtahini hakuweza. Huyu ni mtu aliyemfelisha binti yake wa kumzaa mara mbili kwa kutotazama kioo cha pembeni. Wiki ya pili tu alikwenda maktaba, akaomba kitabu cha sheria za vita vya baharini za wakati ule, akainakili ile inayohusu nyambizi kwa mwandiko wa kusimama. Sheria ilisema nyambizi haina ruhusa ya kuzamisha meli ya biashara kabla ya kuisimamisha, kukagua hati zake na kuwaweka watu wake mahali salama. Mashua za kuokolea hazihesabiwi kuwa mahali salama, isipokuwa bahari imetulia na nchi kavu iko karibu, au ipo meli nyingine ya kuwapokea. Ni meli inayokataa katakata kusimama, au inayopigana, ndiyo pekee inayokosa haki hiyo.

Gemu haikuwa na kitufe cha mambo hayo, kwa hiyo aliyafanya kwa subira. Aliibuka juu ya maji mchana kweupe, akapiga risasi moja ya onyo mbele ya omo, pua ya meli, akangoja. Vijitu vidogo vilishuka kwenye mashua, naye akavifuata polepole mpaka ufukwe uonekane. Mara nyingine Jumamosi nzima iliishia kufikisha vijitu kumi na viwili nchi kavu, na gemu isimpe hata pointi moja. Katika daftari alichora safu: meli, bendera, shehena, idadi ya watu, saa ya kusimamishwa, mahali salama.

"Baharini hakuna taa za barabarani, shemeji," Kamanda alimwambia siku moja, akicheka.

"Ndiyo maana wakaandika," alijibu mtahini.

Jumamosi moja ya mvua alisimamisha meli ya ngano maili mia tatu kutoka nchi kavu. Mawimbi yalikuwa makubwa, mashua zisingefaa, na upeo wote hakukuwa na meli nyingine. Alikaa na kalamu mkononi mbele ya safu ya mwisho. Katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kuacha nafasi wazi kwenye fomu. Mwishowe, kwa kuwa hakujua kwa hakika mahali pengine palipo salama, aliandika anwani ya nyumbani kwake: mtaa, namba ya jengo, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.

Saa kumi na dakika ishirini kengele ya mlango ikalia.

Walikuwa watu kumi na mmoja katika masweta mazito ya sufu, maji yakiwachuruzika. Mbele yao alisimama nahodha wao, amekumbatia mfuko wa turubai wenye hati za meli.

"Tumeelekezwa hapa," alisema.

Mke wa mtahini alisukuma mlango ukafunguka wote. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, na mtaa mzima ulimwita Dobi. Aliwatazama kuanzia utosini hadi kwenye kucha, jinsi anavyotazama rundo la mashuka lililoletwa bila kuhesabiwa.

"Viatu mviache nje," alisema. "Na masweta yakamuliwe bafuni, si kwenye zulia langu."

Mtahini alizikagua hati, akalinganisha majina na nyuso, akatia saini, akarudi mezani kuizamisha meli. Nahodha alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akiitazama ikididimia. Alisema pampu zake zilikuwa mbovu hata hivyo. Wakanywa supu na chai, wakalala ukumbini kwa mstari. Asubuhi walikuwa wamekauka. Walishukuru, wakauliza njia ya kituo cha mabasi, wakaenda zao.

Tangu hapo kila Jumamosi walikuja wengine. Dobi alileta kutoka kazini taulo zilizotobokatoboka, ambazo zingetupwa. Msimamizi wa jengo alipanda kulalamika kuhusu maji kwenye ngazi, akaomba watu wajikamue huko huko chini kabla ya kupanda, na mabaharia wakatii. Jirani wa ghorofa ya pili, ambaye sinki lake liliziba tangu mwaka jana, alimwomba mtahini asimamishe meli yenye fundi bomba.

Kamanda naye aliwakuta. Alikuwa akija kula kwao kila Jumapili, na siku moja alikuta mabaharia tisa wakikunja taulo sebuleni. Aliwasalimu, akawauliza meli yao ilikuwa tani ngapi, akaketi.

"Mimi kwenye gemu hiyo hiyo nimefika tani laki mbili," alimwambia shemeji yake. "Hajaja mtu kugonga kwangu. Mashua zao sizitazami."

"Huzitazami kabisa?"

"Nikizitazama ndiyo watakuja."

Dobi alicheka na kumwongezea chakula. Yeye ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki Kamanda alikuwa na miaka mitano, na sare yake ya shule ndiyo nguo ya kwanza ambayo Dobi, akiwa na miaka kumi na miwili, aliifua bila kusaidiwa na mtu.

Mwezi huo Kamanda alitokea gazetini. Boti yake ilikuwa imezamisha chombo cha wahalifu. Gazeti lilisema chombo hicho hakikuwa na hati yoyote, kilikataa kusimama, kikafyatua risasi, na wanaume watatu waliokuwamo walikuwa na silaha. Katika picha Kamanda alikuwa ameshika ubao uliong'olewa ubavuni mwa chombo, wenye namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Dobi aliikata picha ile, akaitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika sebuleni, akawapigia simu ndugu wote, hata wale wasiopatana.

Jumamosi iliyofuata mtahini alisimamisha meli ya makaa ya mawe yenye watu ishirini na watatu. Kengele ilipolia alisimama mlangoni na kalamu, akiwahesabu wanavyoingia, kila mmoja na masizi shingoni. Wa ishirini na tatu alipopita, nyuma yake kulikuwa na wengine saba.

Hawa hawakuvaa sufu. Walivaa fulana na kandambili. Mmoja alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya kampuni ya betri. Wawili walikuwa wavuvi wanaofanana, ndugu bila shaka. Palikuwa na mwalimu wa kike mwenye mtandio wa njano, mzee aliyeshika shavu kwa mkono mmoja na redio kwa mkono mwingine, na mama mmoja na binti yake wa miaka tisa hivi, aliyevaa jaketi la kuelea la rangi ya machungwa lililomzidi.

"Ninyi hamko kwenye orodha," alisema mtahini.

"Tunayo ya kwetu," alisema mwenye kofia, ambaye ndiye alikuwa nahodha. Alitoa ndani ya fulana mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akaufungua kwa meno, akapanga karatasi mezani: leseni ya chombo, cheti cha ukaguzi, orodha ya abiria. "Tumesikia kwamba hapa hati zinasomwa. Kule hakuna aliyeziomba."

Mtahini alizisoma. Leseni ilikuwa hai mpaka mwisho wa mwaka. Abiria sita, nahodha mmoja. Akaitamka namba ya usajili kwa sauti huku akiinakili, kama alivyozoea, na Dobi, aliyekuwa akimpa mwalimu taulo, akaacha mkono hewani.

"Hebu rudia," alisema.

Akarudia. Dobi alikwenda ukutani, akaweka kidole juu ya kioo cha ile picha, chini ya ubao. Tarakimu nne, ya mwisho imevunjika nusu. Asubuhi hiyo alikuwa amekifuta kioo hicho kwa karatasi na siki. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye kiti kilichokuwa na sweta bichi la mtu, akakaa juu yake bila kulihisi.

Mtahini aligeuza ukurasa. Katika daftari lake alikuwa na maswali yaliyopangwa, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kufanya, aliyauliza kwa mpangilio wake.

"Mliamriwa kusimama?"

"Tulikuwa tumesimama," alisema nahodha. "Injini ilizima saa mbili asubuhi. Tulipoiona boti ya doria tulifurahi. Nilimwambia mzee huyu, leo jino lako litang'olewa mapema."

"Walipiga risasi ya onyo? Walitumia kipaza sauti?"

"Hapana."

"Mlifanya nini?"

"Tuliwapungia mikono," alisema mwalimu. "Mimi nilipunga mtandio, huyu mzee akainua redio yake. Aliyeshika darubini alituona. Aliishusha, akaisogeza tena machoni."

"Halafu?"

"Halafu tukafa," alisema nahodha, kwa sauti ile ile aliyosemea habari za injini. "Leo ni siku ya kumi na tisa."

Mtahini aliandika namba kumi na tisa, akaitazama. "Baada ya hapo walikaa pale? Walitafuta mtu?"

"Walizunguka mara moja. Wakachukua ubao."

"Mimi nilikuwa bado naelea," alisema yule mtoto. "Niliona wanageuza boti. Nilidhani wananifuata mimi."

Kalamu haikuandika hilo. Watu ishirini na watatu wa meli ya makaa walisimama na vikombe vyao vya chai bila kunywa, na nahodha wao akavua kofia. Dobi alikuwa amefungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza bei ya kitu, na mdomo ukabaki hivyo hivyo. Mtahini alikuwa ameshuhudia ajali saba katika kazi yake na zote alizieleza kwenye ripoti mpaka urefu wa alama za matairi. Sasa alijaribu kuinua mkono wake kutoka mezani, nao ukakataa.

Watu wa meli ya makaa walikauka usiku na kuondoka asubuhi. Wale saba hawakukauka. Dobi aliwabadilishia taulo mara kumi na moja. Alijua vitambaa maisha yake yote, na hakuwahi kukutana na kisichokauka. Ilipofika saa tano aliikamua taulo ya yule mtoto, akaonja maji yake kwa ncha ya ulimi: chumvi. Akaenda kumpigia simu mdogo wake.

Kamanda alikuja baada ya chakula, ingawa alikuwa ameitwa kabla. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akawatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa mtoto akatazama saa yake.

"Hawa mmewatoa wapi?"

"Wamekuja wenyewe," alisema Dobi. "Kaa."

Akakaa.

"Ulituambia walikuwa watatu."

"Ripoti inasema watatu, dada."

"Sijaiuliza ripoti, mdogo wangu. Nimekuuliza wewe."

Kamanda aliizungusha kofia magotini. "Kulikuwa na ukungu. Mkono unaopunga na mkono wenye bunduki, kwa mbali ni mkono tu. Tulikuwa na wiki sita majini hatujakamata hata ngalawa, na makao makuu wanapiga simu kutwa mara tatu."

"Si ungesogea," alisema mtahini.

"Ningesogea, nikute ni wavuvi. Nirudi na nini?"

Mmoja wa wale ndugu wavuvi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyefumbuliwa hesabu iliyokuwa ikimsumbua.

"Usinitazame hivyo, shemeji. Wewe unacheza gemu."

"Vile ni vipicha," alisema mtahini. "Vijitu vya rangi, havina hata nyuso. Na mimi navisubiri mpaka vifike nchi kavu."

Dobi alimshika yule mtoto bega, maji yakamtiririka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. "Na huyu? Ulimwona?"

Kamanda aliacha kuizungusha kofia. Jikoni friji ilinguruma, ikanyamaza.

"Rangi ya machungwa," alisema hatimaye, "inaonekana kutoka mbali sana."

Dobi aliingia bafuni, akafungua bomba, akaliacha limwage mpaka ndoo ikafurika. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu. "Nilikufulia," alimwambia, bila kupandisha sauti. "Nilikufulia mpaka vidole vikachubuka." Aliitungua ile picha, akatafuta pa kuiweka, akaishia kuisimamisha sakafuni ikitazama ukuta.

Kamanda alimaliza chai yake. Alisema ripoti ilishapokelewa na wakubwa na faili limefungwa, na hata akitaka kulifungua si yeye mwenye ufunguo. Aliaga kila mtu. Nahodha aliitikia, maana alikuwa mtu wa adabu.

Jumatatu mtahini aliomba ruhusa kazini, ya kwanza tangu avunjike mguu. Yeye, Dobi na wale saba walipanda basi hadi ofisi ya malalamiko ya jeshi la majini. Karani wa mapokezi aliuliza waathirika wako hai au wamekufa.

"Wamekufa," alisema mtahini. "Ndio hawa."

Karani aliwatazama. "Fomu ya marehemu hujazwa na ndugu wa karibu."

"Wenyewe wapo. Wanajua kuandika. Huyu ni mwalimu."

"Marehemu hawezi kushuhudia kifo chake mwenyewe, mzee wangu. Ana maslahi nacho." Lakini alikuwa kijana muungwana, akazipokea zile hati na kuzipeleka ndani.

Walikaa kwenye benchi saa mbili. Mfagizi alikuja na kile kibao cha njano cha kuonya kuwa sakafu inateleza, akakisimamisha karibu na miguu ya mzee mwenye redio, akarudi na cha pili. Kisha akatoka afisa mwenye nyota begani, hati mkononi. Ilionekana amezisoma vizuri.

"Hati hizi hazina kasoro," alisema. "Leseni hai, ukaguzi umefanyika, orodha ya abiria imekamilika. Chombo tulichozamisha sisi hakikuwa na hati. Kwa hiyo si hiki."

"Namba ni ile ile," alisema Dobi. "Ipo kwenye picha."

"Namba mtu anaweza kuchora, mama. Hati ndiyo ushahidi." Akagonga muhuri wa HAKIHUSIKI juu ya kila karatasi, akamrudishia nahodha, akamshauri ashughulikie leseni mpya mapema kwa sababu mwisho wa mwaka foleni huwa ndefu.

Njiani kurudi mtahini aliyapitia maneno ya afisa neno kwa neno, akitafuta palipokosewa, kama anavyopitia karatasi ya mtahiniwa. Hakupaona. Alishuka kituo kimoja kabla ya chao akidhani ndicho, na wote wakashuka naye.

Aliwaandikia ndugu wa wale saba. Walijibu kwamba walishakwenda ofisi ile ile kabla yake, na kuambiwa kuwa chombo chenye hati hizo hakijazamishwa, hivyo kihesabiwe bado kiko safarini. Mume wa mwalimu alikuja mara moja. Alikaa naye mchana kutwa akimshika mkono, wakazungumza habari za mabati ya nyumba na za watoto, akaondoka na mkono wa shati umelowa mpaka begani.

Wale saba walibaki. Sheria ilisema watu wawekwe mahali salama, haikusema hadi lini. Mtahini aliacha gemu, kwa kuwa ukumbini hapakuwa na nafasi tena. Mwalimu alimfundisha yule mtoto sehemu na desimali kwenye kibao cha plastiki, maana karatasi zilikuwa zikilowa maji. Jino la mzee lilikuwa limeacha kuuma, lakini mkono ulikuwa umezoea shavu. Msimamizi wa jengo alipopita kuandikisha wakazi, Dobi alimwambia tisa, naye akaandika tisa.

Baada ya miezi mitatu Kamanda alipandishwa cheo na kuhamishiwa chuo cha jeshi la majini, kufundisha maafisa vijana sheria za kusimamisha na kukagua vyombo. Barua ya uteuzi ilitaja uzoefu wake. Alhamisi moja alasiri alikuja na daftari jipya na kalamu nyekundu.

"Shemeji, nakuomba yale maelezo yako. Ya sheria za zamani. Nimepewa somo zima na sina pa kuanzia."

Mtahini alimtazama. Aliyejibu ni nahodha, kutoka kiti chake cha plastiki karibu na dirisha.

"Kaa nikueleze. Chombo kilichozima injini hugeuka ubavu kwa mawimbi. Hakina povu nyuma. Kinachokimbia kina povu."

Kamanda alikaa, akaandika. "Ubavu kwa mawimbi. Povu."

"Watu wake husimama. Mwenye nia mbaya huinama."

"Husimama," aliandika Kamanda. "Na wakipunga mikono?"

Nahodha alifikiri. Matone yalidondoka kutoka kwenye ukingo wa kofia yake, moja, jingine. "Wakipunga mikono," alisema, "wanaomba uwaone."

"Hilo niliweke kwenye mtihani?"

"Liweke."

Mwalimu alimsahihisha tahajia mahali pawili. Kamanda alifunga daftari, akashukuru, akauliza kama dada yake yupo. Dobi alikuwa jikoni, mlango wazi, hatua nne kutoka pale, akikamua. Sauti ya maji ilisikika vizuri. Kamanda alisubiri kidogo, akavaa kofia, akaelekea mlangoni. Yule mtoto alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti na kibao chake cha desimali. Alikunja miguu ili ampishe, naye akapita.